Fundi wa Matangi Anajibu: Anemoni Wanaovamia Mawe

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: anemoni wasiotakiwa kwenye matangi ya kufugia samaki na matumbawe. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu, kwa sababu nimeona watu hapa Nairobi wakivunja matangi waliyoyalea kwa miaka, kisa ni mnyama ambaye angedhibitiwa kwa bomba la sindano la duka la dawa na subira kidogo.

Fundi, shikamoo. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 240 hapa South B, lina zoa, matumbawe laini mengine na samaki wawili aina ya klauni. Nilinunua mawe kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi. Baada ya muda nikaona vijiti vya kahawia vyenye nyuzi juu. Nikavikwangua kwa kisu nikadhani vimeisha. Sasa vimejaa kila mahali, mpaka kwenye kioo cha nyuma na ndani ya pampu, na zoa zilizo karibu navyo hazifunguki tena. Ni nini hivi, na nitavitoaje bila kuua kila kitu? – Msomaji, South B

Marahaba. Hao ni anemoni, na kwa maelezo yako sina shaka ni Aiptasia. Wanasayansi siku hizi wanamwandika Exaiptasia diaphana, ila madukani na majumbani bado ni Aiptasia tu. Ni mnyama, si mmea. Ni ndugu wa konyeza na wa matumbawe yenyewe. Mwili wake ni kijiti cha kahawia kinachopitisha mwanga, na juu yake kuna duara la minyiri mirefu, myembamba, iliyochongoka nchani. Mguu ameupachika ndani ya kitundu cha jiwe. Mguse kidogo, anatoweka shimoni kufumba na kufumbua. Alama hiyo ya kurudi ndani kwa kasi naiamini kuliko rangi, maana rangi inadanganya. Ukahawia wake unatokana na mwani wadogo sana wanaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha kwa nguvu ya mwanga. Mahali penye giza, kama ndani ya sampu, lile tangi la chini la kuchujia maji, mwani hao wanapungua na anemoni anabaki mweupe. Watu wengi humwona huko wakadhani ni kiumbe kingine kabisa, wakamwacha aendelee kuzaa.

Kabla hujamgusa yeyote, hakikisha hujamchanganya na mwenzake asiye na hatia. Minyoo ya manyoya nayo hujificha haraka, lakini ina mrija wake wa kuishi, na taji lake limechanwa pembeni kama unyoya. Zoa zako zina uso bapa na minyiri mifupi iliyopanga mstari ukingoni tu. Kuna pia vianemoni vyenye mwili unaokaribia kutoonekana na kijitufe cha rangi ya chungwa kwenye kila ncha. Hao hawana haraka ya kuzaana na unaweza kuwaacha.

Kuhusu kisu, kiweke chini leo hii. Kila kipande cha mguu kinachobaki kwenye jiwe kinaweza kuota minyiri na kuwa anemoni kamili. Hata asipoguswa na mtu, Aiptasia akisogea juu ya jiwe huacha nyuma vipande vya mguu wake, na baada ya majuma machache palipokuwa na mmoja pana kundi. Wewe ulimkatakata, pampu ikasambaza vipande mpaka kwenye kioo cha nyuma. Zoa zimefunga kwa sababu zinachomwa. Minyiri yake imejaa seli za sumu, za namna ile ile inayomwasha mtu aliyepitiwa na konyeza kule Nyali, na akichokozwa sana hurusha nyuzi nyeupe kutoka tumboni ambazo nazo zinachoma.

Sasa dawa. Ninayoitumia zaidi ni chokaa safi, yaani kalsiamu haidroksaidi. Nunua ile inayouzwa kwa ajili ya akwariamu, au ya maabara kwa wauzaji wa kemikali. Wengi wameniuliza kuhusu chokaa ya ujenzi na chokaa ya tambuu, na jibu langu ni hapana kwa zote mbili. Ya ujenzi huja na magnesiamu na uchafu mwingine usioandikwa kwenye mfuko, na ya tambuu huwezi kujua imetiwa nini. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea nyumba za mawe. Leo tunaishika chokaa hiyo hiyo kuyalinda matumbawe yaliyo hai, na mimi jambo hilo linanipa furaha ya kweli kila ninapoanza kazi.

Vaa glavu na miwani, kwani chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Changanya unga kidogo na maji ya RO, yaani yaliyochujwa yakaondolewa chumvi na madini, mpaka iwe nzito kiasi cha kupita kwenye bomba la sindano la mililita 1 au 3 ukiisukuma, lakini isidondoke yenyewe. Tumia ncha butu na ndefu. Zima pampu zote na skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, usubiri maji yatulie kabisa. Kisha twende polepole, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Leta bomba kutoka juu, mkono umeuegemeza kwenye ukingo wa tangi usitetemeke, na kivuli chako kisimwangukie. Akishtuka akarudi shimoni, usimfuate. Nenda kwa mwingine, huyo utamrudia. Ukifika nusu sentimita juu ya mdomo wake, ule mpasuo mdogo ulio katikati ya duara, dondosha tone. Tazama minyiri: itajikunja kuelekea ndani mmoja baada ya mwingine, kwa sababu amedhani ni chakula. Anameza. Baada ya muda mfupi mwili unanywea na kuzama shimoni, na hapo ndipo unaongeza chokaa ya kutosha kuziba shimo lote. Usiufute weupe huo. Ngoja dakika 15 mpaka 20 ndipo uwashe pampu, na siku ya kubadilisha maji uvute mabaki kwa mpira mwembamba.

Usiwatibu wote siku moja. Maji ya chokaa iliyoyeyuka yana pH inayozidi 12, na tangi lako linataka kukaa kati ya 8.1 na 8.4. Kwa lita 240, chukua wachache, pima, pumzika, rudi tena baada ya siku mbili. Kipimo kikigusa 8.5, acha mpaka kishuke. Sababu nyingine ni hewa. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 na zaidi, na maji ya huku yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko yale ya Mombasa kwenye joto lile lile. Anemoni waliokufa wanaoza, kuoza kunakula oksijeni, na stima ikipotea usiku huo pampu zikasimama, asubuhi utawakuta klauni wako juu ya maji wakihema au wamekufa. Fanya kazi hii asubuhi ya siku ambayo utakuwa nyumbani, na uwe na pampu ndogo ya hewa ya betri karibu.

Maji ya ndimu na siki yanaua pia, lakini ni mepesi, yanasambaa, na inabidi umdunge mwilini kabisa. Ukimkosa umemkimbiza tu. Kuna wanaodunga maji ya moto. Hapa kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na joto hilo linatosha kumuua, ila yanapoa kabla hayajamfikia. Kwako wewe mwenye zoa nayakataza hata kwa jiwe ulilolitoa nje. Sababu utaiona kwenye barua ya Donholm hapo chini.

Wale wa kioo cha nyuma, wasubirie siku ya kubadilisha maji. Shusha maji mpaka wabaki nje, wapake chokaa nzito, ngoja dakika chache, wafute kwa karatasi ya jikoni, kisha jaza. Pampu itoe nzima, iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji, isugue, isuuze vizuri. Aliyekaa kwenye pembe ya jiwe, mvunje pamoja na kipande cha jiwe chini ya mguu wake. Hiyo ni njia safi kuliko zote, na sielewi kwa nini watu wanaiogopa. Aliyejificha kwenye kitundu kimoja kisicho na upenyo wa pembeni, mzibie kwa gundi ya super glue ya jeli, ile ile tunayobandikia matumbawe.

Halafu tuzungumze chakula. Aiptasia huwezi kumuua kwa njaa, kwa kuwa mwani wake wanamlisha. Lakini wingi wake ni kipimo cha mkono wako. Kamba wa kugandisha wanaokatwakatwa na kutiwa pamoja na maji yao wanamnenepesha yeye kabla ya samaki. Wasuuze kwanza kwenye kichujio, na utie kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Nimeliona tangi la ofisi moja lenye wafanyakazi wengi, kila mmoja akitia chakula kidogo akipita, na mawe yake yalikuwa yamefunikwa kabisa. Tulipoweka zamu ya mtu mmoja kulisha, chokaa ikaanza kuonyesha kazi.

Bwana Fundi, mimi wangu ni wa kijani, minyiri mifupi, ncha zimevimba na zina rangi ya waridi. Muuzaji aliniambia ni watoto wa anemoni wa klauni, nikafurahi. Sasa ni wengi na klauni wangu hawawasogelei. Je, niendelee kusubiri? – Mama Watoto, Kileleshwa

Dada yangu, usisubiri. Kwa maelezo hayo huyo ni majano, kwa jina la kisayansi Anemonia manjano. Anafanana na yule wa klauni mwenye ncha za mviringo, Entacmaea quadricolor, na ndiyo maana huuzwa kwa jina lake, mara nyingine kwa kutojua. Tofauti iko kwenye ukubwa na tabia. Entacmaea ni mkubwa, anaweza kufika sentimita 30 kwa upana, na akijigawa vipande vyake navyo ni vikubwa, kila kimoja kinatafuta pango lake. Majano anabaki mdogo, sentimita mbili tatu, na anazaana wakikaa bega kwa bega mpaka wanakuwa zulia. Kwamba klauni hawamtaki si ushahidi peke yake, kwa sababu klauni wengi waliozaliwa kwenye matangi hawamjui anemoni wa aina yoyote. Zulia ndilo ushahidi.

Dawa ni ile ile ya chokaa, ila majano anafunga polepole na ni mgumu zaidi kufa. Mpe tone, ngoja afunge, kisha mfunike mara mbili. Rudia juma linalofuata. Kama jiwe lenye majano ni dogo na halina kitu kingine cha thamani, litoe lote nje ya tangi. Najua ni wazuri wa kutazama, na ukipenda unaweza kuwafuga peke yao kwenye tangi dogo la pembeni, mbali na matumbawe. Ila usiwaache pamoja ukitumaini watatulia.

Fundi, nina mawe kumi yamejaa Aiptasia, na juu yake kuna zoa za kahawia ambazo sizitaki. Rafiki amenishauri niyatoe yote niyachemshe kwenye sufuria kubwa jikoni, nisugue kwa brashi, nianze upya. Nimeshanunua makaa. Nichemshe kwa muda gani? – Baba wa Nyumba, Donholm

Ndugu yangu, usiyachemshe hata dakika moja. Kama makaa yameshawaka, zima moto kwanza, halafu usome.

Kati ya hizo zinazoitwa zoa kuna jamaa wa Palythoa, na wengi wao ni wa kahawia kama unavyoeleza. Baadhi yao wana palitoksini ndani ya mwili. Sumu hii ilitengwa na Moore na Scheuer kule Hawaii mwaka 1971, kutoka kwa Palythoa, na ni mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana duniani. Hakuna anayeweza kutazama zoa kwa macho akakuambia hii ina sumu na hii haina. Moto wa jikoni hauiondoi. Unachofanya ni kuipandisha hewani pamoja na mvuke, na mvuke huo utavutwa na wewe, mke wako, watoto waliolala chumba cha pili na mbwa aliye mlangoni. Kusugua kwa brashi jiwe likiwa nje ya maji kunafanya yale yale, kwa kuwa matone madogo yanaruka. Kuna familia zilizolazwa hospitalini Marekani, Kanada na Uingereza kwa kufanya hivi hivi nyumbani kwao. Mwaka 2018 familia moja ya Steeple Aston, Uingereza, ilikimbizwa hospitalini baada ya kusafisha tangi lake.

Zijue dalili, wewe na kila mwenye zoa nyumbani: ladha chungu au ya chuma mdomoni, baridi na kutetemeka kama mtu anayepata malaria, kifua kubana na kikohozi, macho mekundu yanayouma, misuli kuuma. Hapa kwetu mtu akitetemeka hukimbilia kupima malaria, kikirudi hakuna kitu anaambiwa apumzike. Ikitokea baada ya kushika mawe ya tangi, wote watoke nje ya nyumba, madirisha yafunguliwe, muende hospitali mara moja na mumwambie daktari waziwazi kwamba mlikuwa mnasafisha matumbawe na kwamba mnahofia palitoksini. Liandikeni jina hilo kwenye karatasi. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Daktari anatibu dalili na kulinda kupumua, kwa hiyo kuchelewa kunaumiza.

Njia salama ipo, na haihitaji moto. Vaa glavu ndefu zisizo na tundu, hasa kama una kidonda mkononi, na miwani inayofunika macho pande zote. Watoto na wanyama wakae mbali. Chukua ndoo uani, si bafuni. Hamisha mawe kutoka tangini mpaka kwenye ndoo yakiwa bado yamelowa, usiyakwangue, usiyapige. Ndani ya ndoo weka Jik isiyo na manukato, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, na mawe yazame kabisa. Dawa hiyo ya madoa inaua Aiptasia na mguu wake, na pia inaivunja palitoksini, jambo ambalo moto wako usingefanya. Yaache humo siku nzima au zaidi. Kisha badilisha maji, suuza, loweka kwenye maji safi mara kadhaa, na uyaanike juani mpaka yasibaki na harufu ya klorini hata kidogo. Ile siki au ndimu uliyoinunua kwa ajili ya anemoni isikaribie ndoo hii: Jik ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na utakuwa umekimbia sumu moja ukaingia nyingine. Glavu zitupe, na ndoo isirudi kwenye kazi za nyumba.

Mawe hayo yakishatoka humo hayana bakteria tena. Yarudishe tangini machache machache huku ukipima amonia, la sivyo samaki wako watalipia.

Na kabla ya yote hayo nakuomba ujiulize kama unahitaji kuua mawe kumi. Aiptasia kwenye mawe kumi ni kazi ya miezi miwili ya chokaa, jioni chache kwa juma. Zoa usizozitaka, mfugaji mwenzako atazichukua kwa furaha, zikiwa juu ya jiwe lake, zikiwa ndani ya maji.

Fundi, habari. Nimeambiwa kuna samaki na kamba wanaokula Aiptasia. Nikienda Watamu Desemba ninaweza kumchukua kitatange mmoja nimlete Nairobi? – Msomaji, Ngara

Watamu acha. Hifadhi ya bahari ya Watamu na ya Malindi zilitangazwa mwaka 1968, na ndani ya mipaka yake hairuhusiwi kutoa samaki, jiwe wala gamba la konokono. Hata nje ya hifadhi, kukamata samaki wa mapambo ni kazi ya wenye leseni. Nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha karatasi zake. Matumbawe magumu nayo yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo swali la karatasi ni halali kabisa na muuzaji mwema halimkasirishi.

Kitatange wa pwani yetu anayejulikana kwa kula Aiptasia ni Chaetodon lunula, yule mwenye barakoa nyeusi machoni. Anakula kweli. Anakula na matumbawe pia, kwa hiyo anafaa kwenye tangi la samaki peke yao. Yule anayesifiwa zaidi kwenye matangi ya matumbawe ni Chelmon rostratus, mwenye mdomo mrefu na mistari ya shaba, lakini huyo si wa kwetu. Anatoka mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Anafika amechoka, wengi wanakataa kula, na anataka tangi la lita 400 kwenda juu. Kumnunua samaki kama huyo kwa kazi ya kusafisha, akafa kwa njaa baada ya juma tatu, mimi siliungi mkono.

Kamba anayehitajika ni yule wa pepaminti, wa jamii ya Lysmata wurdemanni, mwili wake unapitisha mwanga na una mistari myekundu ya kwenda urefu. Anatoka upande wa Atlantiki, kwa hiyo ni wa kuagiza. Mtazame vizuri dukani, kwa sababu kuna anayefanana naye, Rhynchocinetes durbanensis wa Bahari ya Hindi, mwenye nundu mgongoni, macho makubwa, na mistari myeupe katikati ya ile myekundu. Huyo anakula zoa zako. Wa pepaminti naye hutafuna Aiptasia wadogo, usiku, akiwa na njaa. Ukimlisha kamba wa kusagwa kila jioni hataona sababu ya kuhangaika. Wakubwa wamalize wewe kwa chokaa, watoto umwachie yeye.

Kuna pia koa mdogo wa baharini, Berghia stephanieae, ambaye hali kitu kingine chochote isipokuwa Aiptasia. Akiwamaliza anakufa. Hagusi majano, hivyo Mama wa Kileleshwa asimwagize. Ukibahatika kumpata, mpeleke usiku taa zikiwa zimezimwa, moja kwa moja karibu na anemoni, na ujue kwamba samaki wanaowinda wadudu kwenye mawe watamla.

Niongeze jambo moja kwa ajili yako, kwa kuwa umeandika kwa upendo kuhusu bahari. Aiptasia huyu tunayempiga vita ndiye mnyama ambaye watafiti wanamtumia maabara kuelewa jinsi matumbawe yanavyoishi na mwani wao, na kwa nini yanawapoteza bahari ikipata joto. Jenomu yake, yaani ramani ya vinasaba vyake vyote, ilichapishwa mwaka 2015. Mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi kufa kwa joto la El Niño, na waliokuwa wakipiga mbizi wakati ule hawajasahau. Kwa hiyo nikimuua mmoja kwenye tangi la mteja simwoni kama uchafu. Yuko mahali pasipo pake, basi.

Tangi langu ni jipya, sina hata mmoja. Nifanye nini nisiwapate? – Msomaji, Lang'ata

Kila jiwe na kila kipande cha tumbawe unachonunua kikae kwanza kwenye tangi dogo la pembeni lenye hita na mwanga, majuma manne hadi sita. Mwezi wa Julai Nairobi ni baridi, usiliache bila hita. Mulika kwa tochi usiku, taa zikiwa zimezimwa muda mrefu, chini ya jiwe na pembeni. Tumbawe likiwa limebandikwa kwenye kigingi, yaani kile kitako kidogo linachouzwa nacho, likate utupe kigingi chenyewe, ubandike upya kwenye kigingi kipya. Aiptasia wengi wanaingia nyumbani wakiwa chini ya kigingi, upande ambao hakuna anayeutazama. Ukimkuta mmoja, mtie chokaa siku hiyo hiyo, hata kama ni mdogo kuliko punje ya mchele, na uhesabu majuma upya kutoka hapo.